"Seti bado!": Neno la mtazamaji linapovunja fainali ya karata

Zilikuwa zimebaki karata mbili mbili mikononi. Turufu ilikuwa kopa. Kijana aliyekuwa na zamu ya kuanza, seremala wa mtaa wa pili, alishika ree ya kopa na tano ya kopa, na sisi tuliokaa nyuma yake tuliona kidole gumba chake kikiisukuma ile tano mbele. Aliamini turufu zote kubwa zimeshapita. Watu wetu hupenda kufungia mchezo kwa ree. Mtu huiweka hadi mwisho, kisha huibamiza mkekani kwa kiganja kizima mpaka vikombe vya kahawa vikaruka.

Ndipo mzee mmoja, ameegemea nguzo ya baraza na tasbihi mkononi, akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayejisemea: "Seti bado."

Kidole kikasita. Tano ikarudi ndani, ree ikatoka. Mpinzani aliyefuata alikuwa na seti ya kopa na mzungu wa pili wa pau. Hakuwa na hiari, maana kwa kanuni ya mtaa wetu aina iliyoanzwa sharti uifuate ukiwa nayo. Seti ikaanguka mbele ya ree. Mwenza wa seremala akaongeza mzungu wa tatu wa uru juu yake, na zamu ya mwisho ile tano ya kopa ikala zote zilizosalia. Tulipohesabu ikawa 70 kwa 50. Nusu ya uwanja ilisimama kushangilia. Nusu ya pili ilisimama kuuliza mwamuzi yuko wapi.

Mwamuzi nilikuwa mimi.

Ilikuwa usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, Unguja. Zawadi ya fainali ilikuwa mbuzi, amefungwa kwenye mwembe pale pale, anatafuna maganda ya ndizi. Mimi nilipewa uamuzi kwa sababu moja tu, nilikuwa mwepesi wa kuandika hesabu. Karatasi yangu ya kanuni ilikuwa na saa ya kuanza, ada ya kuingia, idadi ya mikono, adhabu ya kuchelewa, na adhabu ya mchezaji anayempa mwenzake ishara. Kuhusu mtazamaji haikuwa na neno hata moja.

Kwa msomaji ambaye hakulelewa barazani, hesabu yenyewe ni hii. Katika wahedusitini, ree ina pointi 11, seti 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3 na mzungu wa pili 2. Zilizobaki ni magarasa, hazina kitu. Kila aina ina pointi 30, aina ni nne, jumla 120. Nusu yake ni 60, kwa hiyo anayefika sitini na moja ameshinda, na jina la mchezo limetoka hapo. Usiku ule, kabla ya zamu mbili za mwisho, upande wa seremala ulikuwa na 40 na wapinzani 50. Baadaye, vichwa vilipopoa, tulizipanga karata zile zile upya tukaucheza mkono kama ambavyo ungekwenda kama mzee angenyamaza. Tano ya kopa inatangulia, seti inaila, na mwenza wa mwenye seti anaongeza mzungu wa nne. Wapinzani wanafika 64. Ree inayokuja kupigwa mwishoni inaufikisha upande wa seremala 56 tu. Maneno mawili ya mzee yalimhamisha mbuzi kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Wapinzani walisema mkono ule ulikuwa wao na umeporwa. Seremala naye alikuwa na hoja, na haikuwa ya kijinga. "Mimi nimekosa nini?" aliniuliza. "Mzee yule si wa upande wetu, sikumwomba kitu, wala sikugeuka kumtazama. Na nani kakwambia nisingeicheza ree hata angenyamaza?" Sikuwa na jibu. Nikafanya linalofanywa na mwamuzi asiye na kanuni mkononi, nikaamuru mkono ugawiwe upya. Wapinzani wakakubali. Upande wa seremala ukaziweka karata chini, ukasimama, ukaenda zake. Mbuzi alilala amefungwa kwenye mwembe, na alfajiri kamati ikaamua achinjwe, aliwe na mtaa mzima kwenye futari ya siku iliyofuata. Seremala na mwenye seti, watu waliokuwa wakienda pwani pamoja kila wiki, hawakusemezana mpaka Idd.

Miaka imepita, nami nimekuwa nikiuliza, nikisoma na kutazama jinsi watu wa michezo mingine ya karata wanavyolimaliza jambo hili. Naandika kwa sababu mashindano ya mitaani yanaongezeka na zawadi zinakua. Palipokuwa na mbuzi sasa pana pikipiki. Karatasi za kanuni, nyingi nilizozishika mwaka huu na mwaka jana, bado hazina neno juu ya mtazamaji.

Niseme kwanza kwamba simwoni mtazamaji kuwa adui. Baraza bila watazamaji ni benchi la saruji tu. Kwenye bao, kwenye dhumna, kwenye keram, kwenye karata, waliosimama ndio wanaobeba kumbukumbu ya mchezo. Wao ndio wanaojua nani alimfunga nani mwaka gani na kwa karata ipi. Mimi mwenyewe nilijifunza nikiwa nyuma ya bega la ami yangu, aliyeniruhusu kutazama kwa sharti la kutotikisa hata kichwa. Nikitikisa, napelekwa dukani kununua sukari ambayo haikuhitajika. Karata zenyewe zimetufikia kwa kutazamana hivyo hivyo. Wareno waliondoshwa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, lakini maneno yao yalibaki mkekani, na mpaka leo tunasema karata, kopa, pau, uru, shupaza, turufu, seti. Hakuna shule iliyoyafundisha. Yamepokezanwa na watu waliosimama nyuma ya wachezaji wakisikiliza.

Tatizo huanza palipowekwa kikombe. Mchezo wa kila jioni ukiharibiwa na mtazamaji, watu hucheka, hugawa upya, na kesho wapo. Mashindano hayana kesho. Mtu ameshinda mikono kumi na miwili ili aufikie huu mmoja.

Na uingiliaji hauji kwa maneno peke yake. Mtu anaweza kuguna. Anaweza kufyonza mchezaji anapoinua karata isiyo yenyewe. Anaweza kuacha kuhesabu tasbihi. Yuko anayekaa nyuma ya huyu, akaziona karata zake, kisha akainuka polepole na kwenda kukaa nyuma ya mpinzani, na uso wake ukaeleza kila kitu bila mdomo kufunguka. Kikohozi ndicho maarufu kuliko vyote. Kilichosikika Uingereza Septemba 2001 kilifika hadi mahakamani, ingawa mchezo ule haukuwa wa karata bali wa maswali ya televisheni wenye zawadi ya pauni milioni moja. Meja Charles Ingram alikuwa kwenye kiti akitaja majibu kwa sauti moja baada ya jingine, na Tecwen Whittock, aliyekuwa ameketi ukumbini akisubiri zamu yake, alidaiwa kukohoa jibu sahihi likitajwa. Waendesha mashtaka walihesabu vikohozi 19 vyenye maana. Mwaka 2003 wote wawili walitiwa hatiani pamoja na mke wa Ingram.

Kenya kuna sura nyingine ya jambo hili, nayo inanivutia kwa sababu mtazamaji mwenyewe hujiona anatenda haki. Katika mchezo ambao vijana huko huuita kadi, au poka ingawa hauna uhusiano na poka ya kasino, mchezaji anayekaribia kumaliza sharti atangaze "niko kadi" kabla ya zamu yake ya ushindi. Akisahau, hawezi kumaliza. Sasa mtu amesimama pembeni, anaona rafiki yake amesahau, anamwambia, "Sema niko kadi!" Hajafichua karata ya mtu wala hajafundisha mbinu, amekumbusha kanuni tu. Lakini kukumbuka ni sehemu ya mchezo. Kanuni ile iliwekwa makusudi ili imkamate aliyesahau, na aliyemkumbusha amemtegulia mtego mpinzani halali.

Watu walioufikiria mkasa huu kwa muda mrefu zaidi ni wa bridge, mchezo wa watu wanne, wawili wawili, unaofanana na wahedusitini kuliko wengi wanavyodhani. Shirikisho lao la dunia lilianzishwa mwaka 1958, na kanuni zao za mashindano zina kifungu kizima, cha 76, kinachomhusu mtazamaji tu. Kinasema mtazamaji asitazame karata za mchezaji zaidi ya mmoja bila ruhusa. Asioneshe hisia yoyote mkono ukiwa unachezwa. Asizungumze na mchezaji. Asimwelekeze mtu kwenye jambo lolote la mchezo, hata kosa. Anaweza kusema juu ya ukweli au kanuni pale tu msimamizi anapomwuliza. Halafu kinaongeza jambo ambalo sisi hatujawahi kulifikiria, kwamba yeyote aliyemo eneo la kuchezea na si mchezaji wala afisa wa mashindano huhesabiwa mtazamaji, isipokuwa msimamizi aseme vinginevyo. Muuza kahawa ni mtazamaji. Mwenyekiti wa mtaa aliyekuja kukabidhi zawadi ni mtazamaji. Mtu wa namna hii duniani amepewa hata jina, kibitzer, neno la Kiyidi lenye asili ya Kijerumani linalohusishwa na ndege mmoja mwenye kelele.

Hilo la kutazama mkono mmoja tu ningependa kila mwandaaji alisome mara mbili. Madhara mengi hutoka kwa mtu aliyeona mikono miwili. Mzee wetu hakuwa na uchawi. Alijua seti bado kwa sababu dakika tano kabla alikuwa amekaa upande wa pili na kuiona kwa macho yake. Angekaa nyuma ya seremala tangu mwanzo, angejua alichokijua seremala, basi.

Lakini kifungu kilichonifanya niifikirie upya hukumu yangu ni kingine, namba 16, sehemu inayozungumzia habari zilizomfikia mchezaji kutoka nje ya mchezo. Kinamtaka msimamizi aarifiwe mara moja, na ikiwezekana aarifiwe na yule yule aliyesikia. Baada ya hapo msimamizi ana njia kadhaa. Anaweza kuamuru karata zigawiwe upya pale mfumo wa mashindano unaporuhusu. Lakini anaweza pia kuacha mkono uishe, kisha akaangalia kama neno lililosikika huenda liliathiri matokeo, na likiwa liliathiri akarekebisha alama.

Nimeiweka hukumu yangu ya usiku ule kando ya maneno hayo na nimeona nilipokosea. Kugawa upya baada ya mkono kuisha, wakati kila mtu anajua ungekwenda vipi, kuliwanyang'anya wapinzani pointi 64 walizokuwa wamezifanyia kazi. Hapakuhitajika kubahatisha kilichokuwa moyoni mwa seremala. Swali la mwamuzi si "ungefanya nini?", kwa kuwa hilo halina ushahidi, na kila mtu atajijibia lenye faida. Mwamuzi anauliza kama neno lililosemwa liliweza kumsaidia, na kama karata iliyochezwa baada yake ndiyo ile neno lilikoelekeza. Seremala alikuwa ameshaisukuma tano, ushahidi wa macho ya watu thelathini. Mkono ule ulipaswa kuandikwa 64 kwa 56, wapinzani washinde, bila kumtuhumu seremala kwa lolote. Kutokuwa na kosa hakumpi mtu haki ya kubaki na faida asiyoitolea jasho. Ukiokota pochi njiani wewe si mwizi, lakini pochi si yako.

Najua wapo watakaosema hukumu hiyo inafungua mlango wa hila. Mtazamaji wa upande wa wapinzani atapayuka makusudi maneno ya kumsaidia seremala, ili mkono ufutwe. Hofu hiyo ni ya kweli, na jibu lake ni hilo hilo la kuuacha mkono uishe. Kama karata iliyochezwa ingechezwa na mtu yeyote mwenye akili timamu, matokeo yabaki. Anayepayuka kwa hila hapati kitu, na anatolewa.

Kutolewa nako kuna namna yake. Wachezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa karata uliobuniwa na Richard Garfield na kuanza kuuzwa mwaka 1993, wana waamuzi waliofunzwa na kitabu cha adhabu kinachotaja kosa la msaada wa nje kwa jina. Katika mashindano yao ya ngazi ya kati na ya juu, anayeomba au kutoa ushauri wakati mchezo unaendelea hupoteza pambano zima. Na mtazamaji akiwa naye ni mshiriki wa mashindano yale yale, adhabu inamwangukia yeye kwenye pambano lake mwenyewe. Hili linatufaa sana. Kwenye mashindano yetu ya mtaa, watazamaji wakali ni timu zinazosubiri zamu. Wakijua neno moja linaweza kuwagharimu mechi yao ya saa nne usiku, watafunga midomo bila kuambiwa. Asiyeshiriki anaondolewa eneo la mchezo, na mchezaji ana haki ya kumwomba mwamuzi kwamba fulani asitazame mechi yake.

Kanuni hizo za Magic zinajibu pia swali gumu kuliko yote: mtazamaji afanye nini akiona wizi? Tuseme amemwona mtu anayo kopa lakini amekana na kutupa garasa la shupaza. Akinyamaza, amekuwa shahidi wa dhuluma. Akisema mkekani, amewafichulia wote karata iliyofichwa. Bridge inamtaka anyamaze mpaka msimamizi amwulize. Magic inamtaka amwarifu mwamuzi haraka, na katika mashindano ya ngazi za chini na kati inamruhusu kuwaomba wachezaji wasimame kidogo wakati anamwita. Ni katika ngazi ya juu kabisa tu ndipo haruhusiwi kuwagusa wachezaji hata kwa ombi hilo. Kwa hali yetu, mwamuzi mmoja na mikeka sita, nachagua njia ya pili. Mtazamaji ainue mkono, aseme neno moja, "Simameni," asiongeze la pili, amfuate mwamuzi na amnong'oneze pembeni. Kusimamisha mchezo kwenyewe kunatoa habari kidogo, nakubali. Wizi ukipita unatoa hasara kubwa zaidi.

Mfano mkubwa wa mtu aliyeona kosa akafanya sawasawa ulitokea Bermuda, Januari 1975, kwenye ubingwa wa dunia wa bridge. Mwaka huo mezani kulikuwa na viwambo vya kuwazuia wenza wasionane nyuso. Bruce Keidan, mwandishi wa habari aliyekuwa akisimamia meza, aliona chini ya meza, ambako kiwambo hakikufika, mchezaji wa Italia Gianfranco Facchini akigusa miguu ya mwenzake Sergio Zucchelli kwa mguu wake. Hakupiga ukelele. Aliwaeleza maafisa, nao wakaweka watu wengine watazame, wakaona yale yale. Wale wawili walikemewa rasmi, na vizuizi vikawekwa chini ya meza. Angepayuka pale pale, yangebaki maneno yake dhidi ya maneno yao.

Sasa kuna simu, na simu imemkuza mtazamaji akawa watu mia tano. Mwaka 2020, mashindano ya bridge yalipohamia mtandaoni kwa sababu ya korona, baadhi ya wachezaji wa ngazi ya juu walikiri kwamba walifungua akaunti ya pili, wakaingia kama watazamaji wa meza waliyokuwa wakicheza wenyewe, na kuona mikono yote minne. Mchezaji na mtazamaji walikuwa mtu mmoja. Miaka minne baadaye, Las Vegas, kwenye mashindano makuu ya poka ya mwaka 2024 yaliyoingiwa na washiriki 10,112, Jonathan Tamayo alishinda dola milioni 10 huku katikati ya mikono akienda kando kwa rafiki zake, mmoja wao bingwa wa mwaka 2015 Joe McKeehen, waliokuwa na kompyuta mpakato. Hakuadhibiwa. Poka ina kanuni ya zamani ya mkono mmoja mchezaji mmoja, lakini kuhusu kompyuta ya mtu aliye nje ya kamba, baina ya mkono na mkono, kanuni za siku ile hazikuwa na katazo la wazi. Kelele zilizofuata ziliwafanya waandaaji wazikaze. Poka ile ni kamari na sina nia ya kuileta barazani kwetu. Ninachochukua kwao ni kwamba dola milioni 10 nzima ilisimama juu ya tundu lile lile lililokuwa kwenye karatasi yangu ya Ng'ambo.

Kwetu tundu hilo lina sura ya kijana anayerusha mchezo mubashara kwa simu. Amesimama nyuma ya mchezaji, kioo kimejaa karata za mkononi, na upande wa pili wa mkeka yupo binamu wa mpinzani anayetazama matangazo hayo hayo kwa simu yake. Sisemi watu wasipige picha. Mashindano yanahitaji kuonekana, na vijana wa Dubai na Muscat wanaotaka kuona mtaa wao wana haki hiyo. Simu ielekezwe mkekani, si mikononi. Kinachotaka kuonesha mikono kirekodiwe na kipandishwe mkono ukishahesabiwa.

Limebaki la heshima, na hapa vitabu vya bridge na Magic havitusaidii. Nani atamtoa mzee barazani kwake? Mimi nilishindwa. Nilikuwa kijana, yeye alikuwa rika la babu yangu, na baraza lile lilijengwa na marehemu kaka yake. Nilichoweza kusema ni "Shikamoo mzee, tafadhali," naye akaniitikia kwa upole, "Marahaba mwanangu, ulimi tu umeniponyoka." Hakuwa na ubaya. Alimwona kijana anapotea, akamzindua, kama ambavyo angemzindua asijikwae jiwe. Kumfukuza mtu huyo mbele ya wajukuu zake ni aibu itakayodumu kuliko kikombe.

Nimeona mtaa mmoja ukilitatua vizuri. Kabla ya karata ya kwanza kugawiwa, mzee anayeheshimiwa kuliko wote ndiye anayesoma kanuni za watazamaji, amesimama, kwa sauti yake mwenyewe. Waongeaji wanaojulikana wanapewa kazi. Mmoja anaandika alama, mwingine anatunza saa, wa tatu anakuwa shahidi wa kuhesabu pointi mkono ukiisha. Mtu aliyeshika kalamu hupayuka kwa nadra. Kisha mikono yote ikishatupwa chini na hesabu kuandikwa, mwamuzi anapiga kofi moja na kila mtu anaruhusiwa kusema. Hapo ndipo baraza linafufuka. Nani alipaswa kucheza ree, nani aliificha seti, nani anastahili kurudi madrasa. Dakika tatu nzima za kelele, mwamuzi anapiga kofi la pili, kimya kinarudi, karata zinachanganywa. Utamu wa mtazamaji umebaki, umehamishiwa mahali ambapo haumdhuru mtu.

Kwa hiyo ninyi mnaoandaa mashindano ya Ramadhani ijayo, ya Idd, ya kumbukumbu ya marehemu fulani, nawaomba kitu cha bei ndogo. Nunueni kamba ya katani, mwizungushe hatua mbili kutoka ukingo wa mkeka. Chukueni karatasi ya manila na kalamu nene, mwandike: kila mtazamaji mkono mmoja; kimya mpaka zihesabiwe; aliyeona kosa aseme "Simameni" na amfuate mwamuzi; mchezaji aliyesikia neno aseme mwenyewe kwamba amesikia; mkono uishe, na faida iliyotoka nje irudi kwa mwenyewe. Ibandikeni kwenye nguzo ile ile anayoegemea mzee. Mwombeni yeye aisome.

Mzee wetu wa tasbihi bado yu hai na bado anatazama. Mwaka jana walimpa kuandika alama.